Mwaka Niliokuwa Skrini

Tulimzika Mwalimu Makokha kwao Marachi Jumamosi iliyopita. Baada ya mazishi tulikaa kwenye viti vya plastiki tukila wali na nyama, na mwanamume mmoja mwenye kitambi akasimama, akataka wanafunzi wa zamani wa Mwalimu wasimame waonekane. Tulisimama kama kumi hivi. Wengi sikuwatambua, maana miaka ishirini na kitu inabadilisha sura, na wengine tumenenepa mpaka tumekuwa watu wengine kabisa. Yule mwanamume akaninyooshea kijiko, akawaambia waombolezaji, "Huyu Nabwire ndiye alikuwa screen yetu. Hakuna screen ingemshinda huyu." Watu wakacheka bila kuelewa, kama watu wanavyocheka matangani wakipata nafasi. Amoit, ambaye nilikaa naye chumba kimoja mwaka ule, hakucheka. Aliniangalia, kisha akaangalia sahani yake. Nilijua anawaza nini, naye alijua kwamba najua. Chakula kikanishinda, nikaweka sahani chini ya kiti. Tangu siku hiyo mwaka ule haunitoki kichwani, na ndiyo sababu naandika. Habari za kwetu Funyula, na nani alinilea na nani alinilipia karo, sitazisimulia. Watu wa nyumbani hawana hatia katika jambo hili.

Chuo chetu kilikuwa chumba kimoja pale Malaba, mpakani na Uganda, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja nasi kila asubuhi. Madirisha yalitazama barabara ya malori, kwa hiyo somo lilikuwa likikatizwa na breki za upepo, na Mwalimu alizoea kunyamaza katikati ya neno, akangoja, kisha akalimalizia. Kompyuta zilikuwa nne. Mbili zilikuwa maganda matupu, ya tatu ilikuwa ya Mwalimu mwenyewe, na ya nne ilikaa chini ya kitambaa cha kufumwa, ikifunuliwa Ijumaa kama stima ilikuwepo. Sisi tulikuwa kumi na wanane. Mwalimu Makokha, ambaye hakuwa mtu wa kulalamika, akabuni njia yake. Kila siku mwanafunzi mmoja alikuwa skrini. Alisimama mbele ya ubao na chaki mkononi, na wengine wakasoma programu zao kutoka kwenye daftari, mstari kwa mstari. Ukisema PRINT, ukafungua alama za kunukuu, ukataja maneno yako, ukafunga, skrini iliandika ubaoni yale maneno ya ndani, herufi kwa herufi, hata kama umekosea jina lako mwenyewe. Ukimalizia kwa nukta mkato, skrini iliganda na chaki palepale ilipoishia, maana neno lijalo lilikuwa linakuja mstari uleule. Usipoiweka, skrini ilishuka mstari mmoja ikangoja. Ukisema CLS, ilifuta ubao wote, hata kama kilichoandikwa kilikuwa kizuri namna gani. Na ukikosea amri yenyewe, skrini iligeuka ikakutazama tu mpaka ujirekebishe. Haikuruhusiwa kukusaidia.

"Screen haina akili," Mwalimu alikuwa akituambia, akitembea katikati ya madawati na mikono nyuma. "Haijui kweli, haijui uongo. Haijui wewe ni nani. Imeambiwa ionyeshe, inaonyesha. Kwisha. Mkielewa hiyo, mmeelewa nusu ya kompyuta." Siku hizi mimi mwenyewe nafundisha watoto wa sekondari somo hilihili, na kila muhula ninafika kwenye somo la kuonyesha matokeo kwenye skrini. Ni somo la kwanza, ni jepesi, watoto hufurahi kuona majina yao yametokea. Mimi hulifundisha haraka nikapita. Wenzangu wanadhani nalidharau.

Amoit alikuwa skrini mbovu kuliko zote. Mtu akikosea tahajia, yeye aliandika vizuri. Mtu akisahau nafasi kati ya maneno, yeye aliiweka. Siku moja kijana mmoja wa Adungosi, jirani yao, alisoma mstari wenye makosa matatu, na Amoit akaandika sentensi safi kabisa, akapangusa mikono kwenye sketi, akatabasamu. Mwalimu akamuuliza, "Amoit, nani amekutuma ufikirie?" Amoit akajibu, "Mwalimu, si najua vile alitaka kusema?" Mwalimu akamwambia skrini haijui mtu anataka kusema nini. "Basi mimi siwezi kuwa screen," Amoit akasema, bila kiburi chochote, akarudisha chaki akaketi. Mimi nilikuwa kinyume chake. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa asiyejiamini hata kuagiza chai, na pale ubaoni nilipata mahali ambapo kutokuwa na maoni kulihesabiwa kuwa kipaji. Kuna asubuhi Mwalimu alitupa programu ya mistari miwili: wa kwanza unaonyesha neno KARIBU, wa pili unarudisha kompyuta kwenye wa kwanza, bila mwisho. Nikaanza kuandika. Mara akaitwa chini dukani, na wenzangu wakatoka kwenda kunywa chai. Mimi sikuambiwa nisimame. Ubao ulipojaa nilifuta mstari wa juu nikaandika hapo, kisha wa pili, kisha wa tatu. Amoit alirudi na mandazi kwenye gazeti, akanisimamia, akasema, "Nabwire, wacha ujinga, hakuna mtu hapa." Nikaendelea. Mwalimu aliporudi, mkono wa sweta yangu ulikuwa mweupe mpaka kiwiko. Alipiga makofi mara moja, ishara yetu ya kusimamisha programu, akawaambia waliokuwa wakiingia, "Mnaona? Hii ndiyo computer." Sikuwahi kusifiwa namna ile kabla ya siku hiyo, na sijasifiwa tena hivyo. Nilitembea nikiwa na furaha wiki nzima, na aibu ya furaha hiyo ninayo hadi leo.

Muhula wa mwisho tulitakiwa kukaa miezi mitatu kwenye ofisi za watu, kila mmoja afanye kazi moja ya kompyuta inayoonekana, na bosi wa pale asaini fomu. Bila fomu hakuna cheti. Amoit alipata nafasi kwenye duka la kuchapa barua. Mimi nilipelekwa kwa Bosi Mutiso, wakala wa kutoa mizigo forodhani, mtu wa Machakos aliyekuwa amekaa mpakani miaka mingi hata akawa anaagiza chakula kwa Ateso, lugha ya wenyeji. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Mchana alituagizia sote kikomando, ile chapati ya kukatwakatwa na maharagwe, na yeye mwenyewe akala mwisho. Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili vilivyotenganishwa na ubao mwembamba, mbele yake yadi ya vumbi ambamo madereva waliegesha malori wakingoja karatasi zitoke ili wavuke kuingia Uganda. Madereva walishinda dirishani. "Boss, yangu imefika wapi?" Siku nzima ni hilo. Kwa hiyo Bosi akaning'iniza runinga kuukuu kwenye dirisha, ikitazama yadi, akaiunganisha na kompyuta, akaniambia niandike programu itakayoonyesha kila lori na hali yake, ili watu wasome wenyewe.

Niliuliza hali za kila gari ziko wapi nizichukue. Akanitajia maneno, nami nikayaandika kwenye daftari kama ninavyoandika hapa: INASHUGHULIKIWA. DEREVA ASIONDOKE. Nikauliza, "Gari gani hiyo?" Akasema, "Zote." Nikauliza na zile ambazo karatasi zake hazijapelekwa forodhani. Akasema, "Nabwire, wewe andika." Mchana uleule nilimsikia kupitia ule ubao akiongea kwa simu, kwa sauti ya mtu anayebembeleza. Leseni yake ya uwakala ilikuwa imeisha, alikuwa amefungiwa nje ya mfumo wa forodha, na hakuna karatasi hata moja ambayo ingeweza kupita mkononi mwake mpaka leseni ihuishwe. "Nipe wiki mbili tu," alisema. "Hawa madereva wakijua, watanihama wote." Basi nikaelewa, na baada ya kuelewa nikaandika. Namba ya gari, kisha PRINT, kisha maneno ya Bosi, mstari baada ya mstari, malori kumi na moja.

Sasa nifike pale ambapo Amoit peke yake anapajua. Programu ile ilipokwisha niliiona imekufa, maneno yamesimama tu kama bango. Nikataka ipendeze. Mwisho wa kila mstari nikaongeza saa, saa ya kompyuta yenyewe, na nikaifanya skrini ijifute na kujiandika upya kila dakika. Hilo Bosi hakuniambia. Nililiongeza mwenyewe kwa ajili ya uzuri, na ilipendeza. Madereva walikusanyika chini ya dirisha wakaangalia dakika zikibadilika kando ya namba zao, wakarudi kwenye malori yao wametulia. Kelele zikaisha siku hiyohiyo. Bosi akaniletea soda.

Mmoja wa madereva hao alikuwa Mzee Owor, mtu wa Tororo ng'ambo ya mpaka, mrefu, mpole, mwenye mvi za pembeni. Alikuwa ametoka Mombasa na shehena ya Kampala. Kutoka kwenye yadi yetu ungeweza kuona mwamba wa Tororo waziwazi, na nyumba ya baba yake, alinionyesha kwa kidole, ilikuwa upande wa kushoto wa mwamba, nusu saa tu kwa boda boda. Jumanne dada yake alimpigia simu kwamba baba yao amezidiwa, hali chakula tena, anamuulizia. Akaja dirishani, akaniita kwa heshima ya kwao. "Nyabo, mimi niko na shida. Baba ni mgonjwa sana. Naweza enda nimuone nirudi kesho? Ama hii kitu itatoka leo?" Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameinua macho kwenye runinga. Akasoma mstari wake, midomo ikitembea. "Inasema nisiondoke," akajijibu. "Na saa inatembea. Wanaifanya sasa hivi." Nikamwambia ni bosi ndiye anayejua. Akatikisa kichwa. "Bosi ni mtu, anaweza nidanganya. Hata wale wa forodha wananidanganya kila safari. Hii computer haina ndugu hapa." Angeondoka na gari likaitwa forodhani naye hayupo, tajiri wake mwenye lori angempa gari mtu mwingine, alishaonywa. Akarudi kwenye lori lake akaketi kwenye ngazi, uso umeelekea runinga.

Jumatano Mwalimu Makokha alikuja kunikagua. Alisimama yadini na daftari lake, akaangalia skrini ikijifuta na kujiandika, na sura yake ikafunguka kabisa. "Output safi," akasema. "Hata saa umeweka." Nilikusanya nguvu zote nilizokuwa nazo, nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, na kama maneno yenyewe si ya kweli?" Alinitazama, kisha akatazama dirisha la Bosi, naye akaelewa, nina hakika alielewa. Kalamu yake ilikaa juu ya karatasi muda mrefu. "Maneno ni ya mwenye ofisi," akasema hatimaye. "Wewe umeonyesha ulichoambiwa." Akanipa alama za juu. Jumamosi iliyopita watu sita walisimama kumsifu kwa ukweli na unyofu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi.

Jioni hiyo, tukipika omena kwenye stovu chumbani kwetu, nilimweleza Amoit yote. Aliacha mwiko. "Na huyo mzee anangoja?" Nikasema anangoja. "Mwambie kesho asubuhi. Mwambie aende kwao." Nikamwambia fomu yangu bado haijasainiwa, na Bosi akijua ni mimi niliyesema hatanisainia. Mwaka mzima ungepotea bure, na karo ya kurudia mwaka haikuwepo. Amoit hakubishana. Alisema tu, "Ni maneno matatu, Nabwire. Mzee, nenda nyumbani," akarudi kwenye sufuria. Nilikula vizuri, nakumbuka, na niliongeza ugali.

Alhamisi nilienda kumwambia. Ninaliandika hili ili lihesabike, ingawa sijui lihesabike wapi. Mzee Owor alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la lori, anachemsha chai, na aliponiona alinipisha kigoda chake, akakaa kwenye jerikani. Akanimiminia kikombe. Alinieleza jinsi baba yake alivyomfundisha kuendesha trekta la kiwanda cha saruji akiwa bado hafiki pedali, na jinsi dada yake anavyompigia kila baada ya saa moja, na yeye anamsomea mstari wa skrini kwa simu ili baba naye aambiwe kwamba mambo yanakwenda. "Namwambia, avumilie kidogo, computer inashughulika." Nilikuwa na yale maneno matatu ulimini. Bosi Mutiso akatokea mlangoni, akanyoosha mgongo, akatuangalia, wala hakuita. Nikamaliza chai. Nikasema, "Inaendelea, mzee," nikamrudishia kikombe. Hakuna aliyeniamuru kusema hivyo.

Baba yake alikufa Ijumaa mchana. Tulijua kwa sababu Mzee Owor alitembea mpaka katikati ya yadi na simu sikioni, akasimama hapo juani, na madereva wenzake wakaacha walichokuwa wakifanya. Kisha alifunga lori, akampa askari wa yadi ufunguo, akapanda boda boda akavuka. Baadaye ilisemekana alifika kabla ya nusu saa. Alikaa matangani siku nne, na katika siku hizo nne hakuna aliyeita gari lake, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuliitia. Skrini iliendelea kumwambia asiondoke, kila dakika, na mimi nilikuwa nimeketi nyuma yake nikipanga karatasi. Ningeweza kuifuta kwa amri moja yenye herufi tatu. Sikuifuta.

Leseni ilirudi baada ya siku chache, karatasi zikaanza kupita, na malori yakatoka moja moja. Siku ambayo karatasi za lori la Mzee Owor zilitoka ndiyo siku Bosi alinisainia fomu. Nilikuwa nimeikunja kwenye mkoba tayari, nafunga dirisha, aliporudi mzee mwenyewe, amevaa shati safi na utepe mweusi mkononi. Nilidhani amekwisha kujua. Nakumbuka kwamba kwa kiasi fulani nilishukuru.

Lakini hakuwa amejua. Alikuja kuomba. Kaka zake walikataa kula naye matangani. Walisema mbele ya watu kwamba aliona gari ni bora kuliko baba, kwamba alikaa mpakani akinywa chai huku baba anamuita, na mkubwa wao alisema hilo halitasahaulika mpaka Mzee Owor naye azikwe. "Mimi nimewaambia, computer ilinikataza. Hawaamini," alisema. "Nyabo, unaweza nitolea ile maneno kwa karatasi? Na stempu ya ofisi. Niwaonyeshe tu, waone si mimi."

Bosi alikuwa ameenda benki. Niliketi kwenye kompyuta. Nikaandika namba ya lori lake, nikaandika yale maneno, na nikauliza, bila kumtazama, kama nimalizie hapo. Akafikiri. "Weka na saa," akasema. "Ile ilikuwa inatembea." Nikauliza niweke saa gani. Akasema baba alikata roho Ijumaa saa nane na nusu mchana, basi niweke hiyo, ili waone kwamba hata dakika ileile bado kazi ilikuwa inafanywa. Nikaandika tarehe ya Ijumaa ile, nikaandika saa nane na nusu, na printa ikaanza kukwaruza. Karatasi ilitoka polepole, mstari mmoja. Nikaipiga muhuri. Aliisoma yote, midomo ikitembea, akaikunja mara nne akaitia mfukoni mwa shati. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia Mungu anibariki, na mimi nikaitikia amina.